Sir Basil Spence: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukilitaja jina la Basil Spence mjini Coventry, utaonyeshwa kanisa. Ukilitaja kwa wazee wa Gorbals, Glasgow, utaambiwa habari za maghorofa yaliyolipuliwa kwa baruti huku umati ukitazama. Ni mtu mmoja, na kazi hizo mbili hazikupishana hata miaka mitano. Maswali mengi ninayoulizwa juu yake huzunguka hapo hapo, hata yale yanayoanzia mbali.

Basil Spence ni nani hasa?

Ni msanifu majengo wa Uskoti aliyezaliwa tarehe 13 Agosti 1907 na kufariki tarehe 19 Novemba 1976. Kazi iliyompa jina ni Kanisa Kuu jipya la Coventry, Uingereza, lililowekwa wakfu mwaka 1962. Alijenga pia vyuo vikuu, kambi ya jeshi, ubalozi, uwanja wa ndege, nyumba za wavuvi na maghorofa ya watu wa kipato cha chini. Katika miaka ya 1960 ilikuwa vigumu kupata msanifu wa Uingereza anayejulikana na watu wa kawaida kuliko yeye.

Alizaliwa Bombay. Mbona anaitwa Mskoti?

Kwa sababu ukoo wake ulitoka huko na yeye alikulia huko. Baba yake alikuwa India kikazi, akipima ubora wa madini kwenye kiwanda cha serikali cha kutengenezea sarafu. Kijana akapelekwa Edinburgh kusoma, katika shule ya George Watson's College, kisha mwaka 1925 akaingia chuo cha sanaa cha mji huo. Ofisi yake ya kwanza ilikuwa Edinburgh, na hata alipohamishia makao London, ile ya Edinburgh haikufungwa. Kama kuzaliwa Bombay kungemfanya Mhindi, basi nusu ya maofisa wa himaya ile wangekuwa Wahindi.

Kazi aliisomea wapi?

Chuoni, lakini zaidi kwenye meza za watu wengine. Spence alikuwa na mkono wa ajabu wa kuchora. Angali mwanafunzi, wasanifu wakubwa wa Edinburgh walimlipa awachoree majengo yao, yaani ile michoro inayomwonyesha mteja jengo litakavyoonekana likishasimama, na miti, na watu wakipita. Mteja asiyejua kusoma ramani huamini mchoro wa namna hiyo.

Mwaka 1929 alikwenda London kufanya kazi mwaka mmoja katika ofisi ya Sir Edwin Lutyens, wakati ofisi hiyo ikimalizia jumba la mwakilishi wa Mfalme kule New Delhi, ambalo leo ni ikulu ya Rais wa India. Kutoka kwa Lutyens alijifunza namna ya kumwingiza mtu ndani ya jengo hatua kwa hatua, kwamba mgeni aone kitu fulani kwanza na kingine afichiwe mpaka afike. Kumbuka jambo hili. Ndilo lililomjenga, na kwa maoni yangu ndilo lililomponza.

Kabla ya vita alijenga nini?

Nyumba za matajiri, zaidi. Akiwa na mwenzake wa chuoni, William Kininmonth, walifungua ofisi Edinburgh mwanzoni mwa miaka ya 1930. Broughton Place, ya mwaka 1938, imejengwa kwa mtindo wa ngome za kale za Uskoti, na mgeni asiyejua huweza kuidhania ya karne ya 17. Wakati huohuo alikuwa akisanifu Gribloch, nyumba ya kisasa ya tajiri wa chuma yenye bwawa la kuogelea, na mabanda ya Maonyesho ya Himaya yaliyofanyika Glasgow mwaka 1938. Mkono uleule, mitindo mitatu tofauti. Waliompenda walisema ana uwezo mpana. Wasiompenda walisema hana imani yake mwenyewe.

Je, ni kweli wazo la kujenga kanisa kuu alilipata vitani?

Ndivyo alivyosimulia. Jeshini aliwekwa kwenye kitengo cha kuficha na kughilibu, yaani kumfanya adui asione kilichopo au aone kisichopo. Kwa mchoraji wa kiwango chake, kazi ilimkaa. Juni 1944 alivuka na majeshi kwenda Normandy. Huko Wajerumani walikuwa wamewaweka wadunguaji juu ya minara ya makanisa ya vijijini, na vifaru vya Waingereza vikaipiga minara ile. Spence aliona makanisa ya karne nyingi yakibomolewa kwa dakika chache, na jioni hiyo akamwambia mwenzake kwamba akinusurika angetamani kujenga kanisa kuu la wakati wetu.

Alisema maneno hayo akiwa bado hajajenga kanisa lolote kubwa.

Alishindaje shindano la Coventry?

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliushambulia mji wa Coventry usiku kucha. Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, la zama za kati, liliungua paa na kila kilichokuwa ndani. Zikabaki kuta za nje na mnara wenye kilele chake, ambao haukuanguka. Kwanza Sir Giles Gilbert Scott, mmoja wa wasanifu wakubwa wa siku hizo, alitoa ramani ya kanisa jipya na haikukubaliwa. Mwaka 1950 likatangazwa shindano, na michoro 219 ikaletwa.

Spence alikwenda kuyatazama magofu. Washindani wengi waliona uwanja wa kusafisha, lakini yeye akaona kwamba magofu yenyewe tayari ni kanisa, ila paa lake ni mbingu. Akaamua yabaki yote. Kanisa jipya akaliweka ubavuni, likiunganishwa na la zamani kwa ukumbi mrefu wa kuingilia. Ili hilo liwezekane ilibidi avunje desturi: makanisa ya Kikristo huelekea mashariki, lakini la kwake linaelekea kaskazini. Ukisimama magofuni unaliona jipya kupitia ukuta wa kioo, na ukiwa ndani unayaona magofu kupitia kioo hichohicho.

Matokeo yalitangazwa Agosti 1951. Lawama zikafuata kutoka pande mbili kwa mpigo. Watu wa kawaida waliona jengo ni la kisasa mno, na vijana wa usanifu wakaona ni la kizamani mno, kwa kuwa lina mawe, lina madhabahu mwisho wa ukumbi na lina nguzo mbili mbili kama makanisa ya mababu. Spence alikaa miaka akizunguka nchini kulieleza jengo lake na kulitafutia fedha. Malkia Elizabeth aliweka jiwe la msingi Machi 1956, na tarehe 25 Mei 1962 likawekwa wakfu. Siku tano baadaye likapigwa humo kwa mara ya kwanza tungo la Benjamin Britten la kuwaombea waliokufa vitani.

Na ile hadithi ya daktari wa meno?

Aliisimulia mwenyewe. Alikuwa ametiwa dawa ya ganzi ili ang'olewe jino, akapoteza fahamu, akaota anatembea ndani ya kanisa lake. Alipofika madhabahuni akageuka na kuona madirisha ambayo mwanzo hakuyaona, kwa kuwa kuta zilikuwa zimekunjwa kama msumeno. Akazinduka, akaenda kuchora. Unaweza kuiamini au kuiacha. Mimi naiamini kwa sababu ni ndoto ya mtu anayejenga kwa kuwaza mgeni atatembeaje.

Nikiingia mle ndani nitazame nini?

Mara ya kwanza nilipoingia niliudhika. Nilikuwa nimesikia sifa za vioo vya rangi, nami nikitembea kuelekea madhabahuni sikuona hata kimoja: kulia ukuta, kushoto ukuta. Mbele yangu lilining'inia zulia la ukutani alilochora Graham Sutherland na kufumwa Felletin, Ufaransa, likimwonyesha Kristo ameketi katika utukufu. Urefu wake ni karibu mita 23 na uzito wake huhesabiwa kwa tani. Nikalitazama mpaka shingo ikauma, nikageuka niondoke. Ndipo madirisha kumi yakanifungukia yote kwa pamoja, kijani, nyekundu, zambarau, dhahabu, kila jozi ikiwa zamu ya umri fulani wa binadamu. Yameelekezwa madhabahuni. Anayeingia hayaoni, anayetoka hutoka nayo.

Kitu cha pili ni dirisha la mahali pa ubatizo, la John Piper, lenye vipande 195 vya kioo, jua la manjano katikati. Chini yake kisima cha ubatizo ni jiwe kubwa lililoletwa kutoka Bethlehemu, halikuchongwa isipokuwa bakuli dogo la maji juu yake. Nguzo nazo zitazame kwa chini: ni nyembamba, na zinazidi kukonda zikishuka, mpaka zinapogusa sakafu unajiuliza zinabeba nini. Mhandisi alikuwa Ove Arup, na hesabu zilikuwa zake. Dari lenyewe ni kama mwavuli wa zege na mbao ulioshikiliwa na nguzo hizo, na kuta zinasimama pembeni zikijitegemea.

Juu ya paa kuna mnara mwembamba wa chuma ulioshushwa pale na helikopta Aprili 1962. Kazi hiyo ilifanywa na jeshi la anga. Siku hizi kreni ingefanya kazi hiyo bila mtu kuinua kichwa.

Sanamu ya nje ilileta ugomvi gani?

Ile ya malaika Mikaeli akimshinda Shetani, iliyo ukutani karibu na mlango, ni ya Jacob Epstein. Spence alipomtaja kwenye kamati, mmoja akasema lakini Epstein ni Myahudi. Spence akajibu kwamba hata Yesu Kristo alikuwa Myahudi. Hoja ikaisha. Epstein alifariki mwaka 1959, kabla sanamu haijapandishwa mahali pake.

Makanisa madogo ya Coventry nayo ni yake?

Ndiyo, matatu, ya mwaka 1957, katika vitongoji vipya vya Tile Hill, Wood End na Willenhall. Watu wachache huyafikia. Yalijengwa kwa zege lisilo na mchanga, kokoto na saruji tu, lililomiminwa kwenye fremu zilezile zilizotumika kwa nyumba za kawaida za mtaani, na bajeti ilikuwa finyu. Kila moja lina ukumbi, kanisa na mnara wa kengele uliosimama peke yake. Ukiniuliza mimi, mtu anayetaka kujua kama Spence alikuwa mjenzi kweli au mpambaji aanzie huko, ambako hapakuwa na zulia wala malaika wa kujifichia.

Gorbals palitokea nini?

Gorbals ilikuwa mitaa ya Glasgow iliyojaa kupita kiasi. Nyumba za mawe za karne ya 19 zilikuwa zimegawanywa chumba chumba, familia nzima katika kimoja, choo cha kushirikiana ngazini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 manispaa iliamua kuvunja na kujenga upya, ikagawa eneo na kuwapa wasanifu tofauti. Spence akapewa kipande kilichoitwa Hutchesontown C. Malkia akaja mwaka 1961 kuweka jiwe la msingi, ndiyo maana pakaitwa Queen Elizabeth Square.

Alichojenga ni majengo ya ghorofa 20 yenye nyumba 400, yaliyopandishwa juu ya nguzo nene za zege zilizoinama, na kukamilika mwaka 1965. Humo ndani alitoboa roshani kubwa za pamoja, za familia kadhaa kila moja, kwa nia kwamba wakazi wapande maua, watoto wacheze na nguo zianikwe hewani kama zilivyoanikwa uani kule chini. Aliwaambia madiwani kwamba siku ya kufua jengo litaonekana kama jahazi lililotandaza matanga yote.

Ni picha nzuri. Sisi tuliozoea jua tunaielewa upesi, kwa kuwa roshani yenye kivuli na upepo ndiyo sebule yetu. Lakini Glasgow hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Roshani za kina namna ile ziliingiza upepo na mvua na kuzuia mwanga. Zege lilikuwa baridi, mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu ukaganda kwenye kuta, unyevu ukaleta kuvu, na ukarabati ukazembewa. Chini ya zile nguzo palikuwa pa kivuli na upepo, si mahali ambapo mama angemwachia mtoto. Wakazi wakalitungia majina ya kejeli, na wengi wakaomba kuhamishwa.

Tarehe 12 Septemba 1993 jengo hilo lililipuliwa. Watu walialikwa kutazama kama sherehe. Vifusi viliruka mbali kuliko ilivyotarajiwa, na mama mmoja aliyekuwa kati ya watazamaji akafa.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la Spence?

Si lake peke yake. Manispaa ilitaka nyumba nyingi kwa haraka, serikali ilitoa ruzuku zaidi kadiri jengo lilivyopanda juu, na walioachiwa kulitunza hawakulitunza. Lakini siwezi kumtoa kabisa, kama wanavyofanya baadhi ya wanaomtetea. Spence alifikiri kwa picha. Kanisani hiyo ilikuwa neema, kwa sababu kanisani mtu huja, huona, hushtuka na kurudi kwake. Nyumba ni ya kuishi hata Jumatatu ya mvua mwezi wa Novemba, mkazi amebeba mboga na mtoto mgongoni, na wala haangalii jengo. Jahazi lenye matanga huonekana na aliye ng'ambo ya barabara. Aliye ndani ya jahazi huona nguo mbichi.

Je, yale maghorofa yaliyoitwa "The Dampies" yalikuwa yake?

Hapana, na kosa hili hurudiwa sana. Hayo ni Hutchesontown E, mradi mwingine wa jirani uliojengwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani. Ulifunguliwa mwaka 1972 na kubomolewa mwaka 1987. Yalikuwa na unyevu kupindukia, ndiyo asili ya jina. Spence ana lake la kujibu. Asibebeshwe na la jirani.

Kwa nini bunge la New Zealand lina jengo kama mzinga wa nyuki?

Kwa sababu ya Spence. Mwaka 1964 alialikwa Wellington kushauri kuhusu upanuzi wa majengo ya bunge, akachora wazo la jengo la duara linalopungua kuelekea juu. Wasanifu wa serikali ya huko ndio waliolifanyia kazi mpaka likawa ramani ya kujengeka. Ujenzi ulianza mwaka 1969 na kukamilika mwaka 1981, yeye akiwa amekwisha kufa. Watu wa huko huliita kwa jina hilohilo la makazi ya nyuki. Kwa Kiswahili jina limekaa vizuri zaidi, maana mzinga kwetu ni wa nyuki na ni wa kufyatulia risasi, na mawaziri wana ofisi zao humo. Wafanyakazi wamelalamika siku zote kwamba samani hazikai vizuri kwenye kuta za mviringo.

Kazi zake nyingine ni zipi?

Ni nyingi, nitataja ninazozipenda na moja nisiyoipenda.

Falmer House, jengo la kwanza la Chuo Kikuu cha Sussex karibu na Brighton, la mwaka 1962: matofali mekundu, matao mapana ya zege, na nafasi zilizoachwa wazi katikati ya sakafu ili vilima vionekane. Lipo kwenye daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa Uingereza, pamoja na kanisa la Coventry.

Ubalozi wa Uingereza Roma, wa mwaka 1971. Wa zamani ulilipuliwa mwaka 1946 na wapiganaji wa Kizayuni wa Irgun. Jirani yake ni Porta Pia, lango lililosanifiwa na Michelangelo, na mtu yeyote angetetemeka. Spence aliliinua jengo juu ya nguzo, akaweka maji chini yake, ili bustani ipite na lango libaki na hadhi yake.

Kilichokuwa kituo cha umeme wa nyuklia cha Trawsfynydd, Wales, majengo mawili mazito yanayotazama ziwa kama ngome, mandhari ikipangwa na Sylvia Crowe. Uwanja wa ndege wa Glasgow, uliofunguliwa mwaka 1966, bado unatumika, ingawa sura aliyoipa imemezwa na nyongeza.

Nisiyoipenda ni kambi ya wanajeshi wa farasi pale Hyde Park, London, ya mwaka 1970. Mnara wake wa makazi una mita 94 na unaonekana kila upande wa bustani. Mazizi yamejengwa kwa ghorofa mbili, farasi hupanda kwa mteremko. Wapo wanaosema ni kazi bora. Mimi nawaonea huruma farasi.

Alipata heshima gani?

Alikuwa rais wa Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza kuanzia 1958 hadi 1960, akapewa cheo cha Sir mwaka 1960, na mwaka 1962 akapewa Nishani ya Stahili, ambayo hushikwa na watu 24 tu kwa wakati mmoja.

Alikuwa na uhusiano na Charles Rennie Mackintosh?

Hapana. Wote ni Waskoti, basi. Mackintosh alifariki London mwaka 1928, Spence akiwa bado chuoni.

Alifia wapi, na michoro yake iko wapi?

Alifia nyumbani kwake Yaxley Hall, Suffolk, akazikwa kijiji cha karibu cha Thornham Parva, ambako kanisa ni dogo na limeezekwa kwa nyasi. Familia iliikabidhi michoro na barua zake kwa hifadhi ya taifa ya Edinburgh mwaka 2003, na tangu hapo wanafunzi wameanza kumsoma upya badala ya kurudia matusi au sifa za zamani.

Nikifika Uskoti kwa siku mbili, nianzie wapi?

Edinburgh, kwa miguu. Pita Canongate uone nyumba alizozipachika kwenye barabara ya kale bila kuivuruga, ukamalizie maktaba ya Chuo Kikuu pale George Square, ya mwaka 1967, iliyotoka kwenye ofisi yake. Ukipata gari, nenda Mortonhall, mahali pa kuchomea maiti, kanisa lake jeupe limesimama katikati ya miti.

Siku ya pili panda treni uende Dunbar, pwani ya mashariki. Kabla hajawa maarufu, miaka michache baada ya vita, alisanifu pale nyumba chache za wavuvi karibu na bandari: kuta nene, paa za vigae, ngazi za nje kama wavuvi wa pwani ile walivyojenga tangu zamani, kwa kuwa nyavu na viatu vya matope haviingizwi sebuleni. Hazina kibao kikubwa. Watu wanaishi humo, kwa hiyo piga picha ukiwa barabarani.